Ukurasa wa 311

Mashuuru
Jumanne, 11 Februari 1997

Mwalimu Irungu,

Salamu nyingi. Hunijui. Naitwa Nzilani Muteti, mwalimu wa darasa la sita hapa Mashuuru. Anwani yako nimepewa na mwalimu wetu mkuu, Bwana Masila. Anasema ulimfundisha historia kidato cha tano na cha sita, huko Bonde la Ufa, na kwamba hukuwahi kugombeza darasa: ulikuwa unanyamaza tu mpaka watu wanaona haya.

Nasomea shahada kwa njia ya posta. Mwaka huu somo langu ni historia ya Ulaya ya kisasa, 1789 hadi 1945, na mwishoni natakiwa kuandika insha ndefu yenye tanbihi: kila jambo nililolisema, nionyeshe nimelitoa kitabu gani, chapa ya ngapi, ukurasa wa ngapi. Anayeanguka anarudia mwaka. Anayeanguka mara ya pili anaondolewa. Mimi nilisharudia mara moja, mwaka niliojifungua, kwa hivyo sina mwaka mwingine wa kuchezea.

Shida yangu ni vitabu. Vijitabu vya chuo kila ukurasa vinasema "rejelea" hiki na kile, na hicho kitabu hakipo. Maktaba ya chuo ina nakala moja moja ambazo hazitoki nje ya mlango, na Nairobi mimi nafika Agosti na Desemba tu. Hapa Mashuuru tuna Biblia, vitabu vya nyimbo, na kijitabu cha chanjo za ng'ombe.

Bwana Masila anasema ulikuwa na vitabu vinne vya rejea kwenye rafu nyuma ya meza yako, na kwamba wilaya nzima haikuwa na vingine kama hivyo. Nakuomba uniazime, hata kimoja kimoja. Nitavivalisha jalada, na mtoto wangu hatavigusa.

Wako mwaminifu,
Nzilani Muteti


Kitengela
27 Februari 1997

Mwalimu Nzilani,

Barua yako ilikaa sandukuni siku tano kabla sijaiona. Kosa ni langu. Siku hizi huwa sipiti posta, kwa kuwa hakuna wa kuniandikia.

Mwambie Masila namkumbuka. Alikuwa anakaa dirishani, na alishikilia kwamba Prussia na Urusi ni nchi moja mpaka nilipompeleka mbele ya atlasi na kumshika kidole.

Vitabu ni vinne, kama alivyosema. Cha kwanza, cha jalada la kijani, kinapanga matukio mwaka kwa mwaka, na siku kwa siku mambo yanapochacha. Cha pili na cha tatu ni juzuu mbili nyekundu za kamusi ya historia: majina ya watu, mikataba, vita na miji, kwa alfabeti. Cha nne ni atlasi, ambayo uti wake niliushona kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Vitabu hivi havitoki nyumbani. Naomba usinielewe vibaya. Nimeshapoteza vitu kwa njia nyingi maishani.

Lakini niulize. Kila utakachouliza nitakujibu, pamoja na chapa na ukurasa. Nina masharti mawili tu. Jambo moja kwa barua moja. Na anza na mwaka, ndipo useme mahali, ndipo uulize. Vitabu vya rejea havisomwi kama hadithi, vinaulizwa, na swali lisilo na mwaka ni kama mtu anayebisha hodi katikati ya uwanda.

Jambo moja zaidi, ukipata nafasi ya kushika kitabu cha namna hii. Mwishoni mwa maelezo mengi utakuta maneno mawili: "Tazama pia". Usiyaruke. Wanafunzi wangu wote waliyaruka. Hapo ndipo kitabu kinapokiri kwamba hakuna jambo linalokaa peke yake.

Wako,
Lazarus Irungu


Mashuuru
19 Machi 1997

Mwalimu,

1870. Ujerumani, mji wa Ems. Ile simu ya maandishi iliyochochea vita na Ufaransa ilitumwa lini hasa? Kijitabu cha chuo kinasema Julai tu.

(Umeona, nimeanza na mwaka.)

Barua yako niliisoma mbele ya walimu wenzangu. Bwana Masila amekana habari ya Prussia. Anasema alikuwa ni mvulana mwingine. Hakuna aliyemwamini, na sasa mwalimu Naipanoi wa darasa la kwanza anamwita Bwana Prussia, chinichini.

Aprili tukifunga nitapita Kitengela nikielekea Machakos kwa mama. Nije nikusalimie, nivione hivyo vitabu kwa macho? Na wewe, u salama?

Nzilani


Kitengela
2 Aprili 1997

Mwalimu Nzilani,

Tarehe 13 Julai 1870. Kitabu cha kijani, chapa ya tatu, ukurasa wa 174, chini kabisa upande wa kushoto. Kuwa mwangalifu. Tarehe 13 Julai inarudi tena mwaka 1878, Mkataba wa Berlin ulipotiwa saini, ukurasa wa 189. Kila mwaka nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyezichanganya, na kila mwaka nilimsamehe, kwa kuwa hata mimi nilizichanganya nikiwa chuoni.

Kuhusu kuja, naomba tuahirishe. Nyumba inapigwa lipu, na vitu vyote viko kwenye masanduku.

Umeniuliza kwa adabu kama niko salama. Niko salama. Ploti hii ina vyumba kumi na viwili. Wapangaji wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nguo, wanaondoka kabla jua halijatoka na kurudi likishazama, kwa hivyo mchana tuko watatu: mimi, Waceke anayeuza mboga langoni, na kuku wake. Nyuma ya ua kuna uwanda, na nyumbu wakipita nawahesabu. Jana walikuwa arobaini na saba.

Uliza lingine.

L. Irungu


Mashuuru
22 Agosti 1997

Mwalimu,

Hii ni barua ya kumi na tisa tangu tuanze, nimezihesabu kwenye bahasha. Nimetoka chuoni juzi. Kazi ya kwanza nilipata alama sabini na moja, na mwalimu wetu, Daktari Mwololo, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Tanbihi safi. Umezipata wapi Mashuuru?" Nikamwambia nina maktaba yangu Kitengela. Akacheka, akidhani ni mzaha.

Sasa insha ndefu. Nimechagua wakimbizi wa Ulaya baada ya vita vya kwanza. Wenzangu wamechagua wafalme na majenerali. Mimi nilivutiwa na yale majibu yako ya Juni kuhusu pasi za wakimbizi za 1922. Uliandika kurasa nne na mimi nilikuwa nimeuliza tarehe.

Swali langu ni hili. 1923. Ugiriki na Uturuki. Pale walipokubaliana kubadilishana watu, kila nchi ikahamisha wa dini ya wenzao: kitabu kinasemaje kuhusu wenyewe waliohamishwa? Nina idadi, nina tarehe. Sina mtu hata mmoja. Walibeba nini?

Je, lipu imekauka? Nitafurahi kuja Desemba.

Nzilani


Kitengela
9 Septemba 1997

Mwalimu Nzilani,

Kamusi nyekundu, juzuu ya pili, chapa ya pili, ukurasa wa 311. Nakunakilia.

"Makubaliano yalitiwa saini Lausanne tarehe 30 Januari 1923. Uhamisho ulikuwa wa lazima, na kigezo kilikuwa dini, si lugha. Waliohamia Ugiriki walizidi milioni moja, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia. Waliohamia Uturuki walikaribia laki nne. Waliondoka na walichoweza kubeba. Wengi walifunga milango na kuchukua funguo. Mwanamume mmoja, akiwa ameshafika njiani, alirudi kumwagia maji moto wa jikoni, nyumba isije ikaungua, ingawa nyumba haikuwa yake tena. Tazama pia: Neuilly, Mkataba wa (1919)."

Umeuliza walibeba nini. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa katika miaka ishirini na sita ya chaki.

Lipu haijakauka.

L. Irungu


Kitengela
30 Novemba 1997

Mwalimu Nzilani,

Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Najua ni mvua. Wanasema barabara ya Mashuuru imekatika mahali pawili, na hapa kwetu uwanda umekuwa ziwa. Jana nilivaa gambuti za Waceke kwenda posta, zikanibana, na sanduku lilikuwa na maji badala ya barua.

Sikuandikii kuuliza kitu. Nilitaka tu ujue kwamba ukiniuliza, nipo.

L. Irungu


Mashuuru
14 Machi 1998

Mwalimu,

Barua zako tatu zilifika pamoja Januari, zimelowa, nikazianika kwenye kamba kama soksi. Asante. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya jambo lililofika baada ya hapo. Nimelizungusha kichwani wiki tatu kabla ya kushika kalamu.

Insha niliikabidhi Desemba. Daktari Mwololo ameirudisha. Alipofika kwenye ule mfano wa mwanamume na moto wa jikoni uliompendeza sana, akataka kuusoma mwenyewe. Akateremka maktabani, akafungua juzuu ya pili, chapa ya pili, ukurasa wa 311. Nakunakilia alichoandika:

"Makubaliano ya 1923 yapo kwenye ukurasa huo. Ni mistari minne: tarehe, kigezo, idadi, na rejea ya Neuilly. Hakuna funguo. Hakuna moto. Hakuna mwanamume yeyote. Mwanafunzi anayebuni chanzo hawezi kupewa shahada. Leta kitabu ulichotumia, au fotokopi ya ukurasa huo, kabla ya tarehe 30 Aprili. La sivyo insha hii nitaihesabu sufuri."

Sufuri ni kuanguka, Mwalimu, na kuanguka mara ya pili unajua ni nini.

Nimejiambia huenda chapa zinatofautiana. Huenda yako ni nyingine. Tafadhali nenda Kitengela mjini, pale karibu na stendi kuna duka lenye mashine. Ukurasa mmoja tu. Hata kama hauonekani vizuri.

Nzilani


Mashuuru
8 Aprili 1998

Mwalimu,

Hujanijibu. Umekuwa ukijibu ndani ya wiki mbili hata kwa maswali ya kipuuzi.

Bwana Masila anasema labda unaumwa. Naipanoi anasema labda umehama. Mimi nasema nini sijui.

Jumamosi tarehe 18 nitakuja mwenyewe, lipu au hakuna lipu. Nitafungua kitabu, nitaona, nitapiga fotokopi, nitaondoka. Sitakusumbua.

N. Muteti


Kitengela
Alhamisi, 16 Aprili 1998

Mwalimu Nzilani,

Usije. Hakuna kitabu. Hakuna chapa nyingine. Hakuna hata lipu: chumba ninachokaa ni cha mabati.

Nikueleze kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyofundisha wengine.

Nilistaafu mwaka 1990. Kidato cha sita kilikuwa kimeshafutwa, na shule haikuwa tena na somo la kunihitaji mimi wala vitabu vyangu. Nilikuwa nimevinunua mwenyewe, kimoja kimoja, kwa miaka tisa, kwa hivyo nilivipeleka nyumbani, kwenye shamba letu la ekari tano, mimi na mke wangu Rahab.

Mwezi wa Machi 1992 vurugu za kufukuza watu mashambani mwao zilifika kwetu. Jirani alikuja asubuhi na pikapu, akasema panda, nafasi ni ya watu wawili na mizigo ya mapajani. Rahab aliniambia, "Chukua vitabu." Nikamwambia, "Vya nini? Tutarudi Jumatatu." Nilikuwa nimeahidi kumsahihishia mwalimu mmoja karatasi za mtihani siku hiyo.

Tulipofika barabarani nikakumbuka maharagwe tuliyoyaacha motoni. Nilimsimamisha jirani, nikarudi mbio, nikamwaga maji jikoni, nikafunga mlango, nikachukua ufunguo. Rafu ilikuwa hatua sita kutoka jikoni. Nilipita mbele yake mara mbili. Nilibeba sufuria ya maharagwe.

Hatukurudi Jumatatu. Tuliambiwa baadaye kwamba nyumba iliungua Jumapili.

Kwa hivyo ulipoandika, sikuwa na kitu. Ila nilikuwa navikumbuka. Ukimwambia mwanafunzi "fungua ukurasa wa 174" kila mwaka kwa miaka ishirini, ukurasa unakaa kichwani kama zaburi kwa mkristo mzee. Nilipokuwa nakujibu nilikuwa nauona, kushoto au kulia, juu au chini, pamoja na doa la chai kwenye 189. Nimenunua madaftari ya shule na nayaandika yote upya humo, kwa alfabeti. Nimefika herufi ya N.

Siku ile ya Septemba sikukusudia kukudanganya. Nilifumba macho, nikauona ukurasa wa 311, na yule mtu alikuwa pale, kwenye mstari wake, amepigwa chapa kama wengine. Nilimnakili. Mpaka niliposoma barua ya mwalimu wako ndipo nilipomtambua.

Uongo wenyewe nilikuwa nimeusema kabla, siku ya kwanza, nilipokuambia vitabu havitoki nyumbani. Ningekuambia sina, ungenishukuru kwa adabu na kumwandikia mtu mwingine. Rahab alifariki mwaka 1994. Tangu hapo wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali lenye jibu.

Hilo halikusaidii. Lenye kukusaidia ni hili: Jumamosi ni siku ya wanafunzi wa mbali pale chuoni. Nitakwenda kwa Daktari Mwololo mwenyewe, na nitamwambia kosa ni la nani. Hukubuni chanzo. Chanzo ndicho kilichobuni.

Nisamehe, Mwalimu.

Lazarus Irungu


Mashuuru
3 Mei 1998

Mwalimu Irungu,

Barua yako ya tarehe 16 ilinifikia Jumanne, tarehe 21. Jumamosi nilikuwa nimeshafika Kitengela.

Nilikuta mama mmoja langoni anapanga nyanya, na kuku miguuni. Nikajua ndiye Waceke. Nikamwambia nimekuja kuona vitabu vya Mzee Irungu.

"Vitabu gani?" akaniuliza. "Huyu mzee hana vitabu, mama. Ako na mabuku za kuandika, kama za watoto. Hata gazeti anasoma hapa kwangu, kama sijafungia mtu nyanya."

"Yuko wapi?"

"Ameenda Nairobi. Amevaa koti, na hili jua! Nikamwambia, mzee, unaenda kuoa? Akasema anaenda kushtakiwa." Kisha akaniangalia vizuri, viatu mpaka kichwa. "Ni wewe wa barua? Wa Mashuuru? Ngoja nikwambie. Yako ikikuja, ananunua sukuma ya watu wawili. Sijui anapikia nani."

Akanifungulia mlango kwa ufunguo anaokuwekea. Usimgombeze. Nilikaa kwenye stuli. Nilihesabu madaftari kumi na manne, yamevalishwa karatasi za kaki, na mgongo wa kila moja una herufi. Nikavuta la L nikasoma Lausanne. Nikalirudisha nilipolitoa. Sikugusa kitu kingine, ila niliona ufunguo ukining'inia ukutani kwenye msumari, na chumba chako hakina kufuli ya ufunguo mkubwa namna ile.

Nilirudi Mashuuru nimekasirika. Ni vizuri ulijue hilo. Nilikukasirikia hadi Jumanne, na Jumanne nikasoma barua yako, na hasira ikakosa mahali pa kukaa, lakini haikuondoka yote siku hiyo.

Sasa ya chuoni. Daktari Mwololo aliniita wiki jana. Anasema ulikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake saa tatu nzima, ukiwapisha wanafunzi wote mbele yako. Ulipoingia ulisema uliyoyasema, na mwisho ukamwomba jambo moja: akuonyeshe kitabu. Akakupeleka maktabani. Anasema ulifungua ukurasa wa 311 bila kutafuta, ukausoma umesimama, ukasema, "Mistari minne. Nilikuwa nimesahau kwamba ni minne tu." Kisha ukauliza kama unaweza kukaa nacho kidogo, na yeye akaenda kula, akarudi, ukawa bado uko pale.

Baada ya wewe kuondoka alifanya jambo ambalo anasema hajawahi kumfanyia mwanafunzi. Alikagua tanbihi zangu zote, moja baada ya nyingine. Ni arobaini na sita. Arobaini na nne ziko sawa mpaka ukurasa. Moja umekosea kwa ukurasa mmoja. Na moja ni hiyo.

Insha haikuhesabiwa sufuri. Amenikata alama kumi na tano, kwa sababu nilinukuu kitabu ambacho sikukishika, na hapo ana haki. Nimepata hamsini na mbili. Nimepita.

Nilimwomba aniruhusu kumbakiza yule mwanamume, na kwenye tanbihi niandike jina lako, barua ya tarehe fulani. Alikataa. Alisema, "Ni shahidi mzuri, lakini si wa 1923." Kwa hivyo nimemfuta. Nilishika kifutio muda mrefu. Ninakuambia ili usije ukamtafuta humo siku moja ukamkosa.

Nilidhani barua hii ingeishia hapo. Somo limekwisha, sina tena tanbihi za kutafuta. Mwaka ujao ni saikolojia ya elimu, na hicho kitabu ninacho.

Lakini nina swali. Nalipanga unavyotaka.

1992. Bonde la Ufa. Walibeba nini?

Nzilani


Kitengela
7 Juni 1998

Mwalimu Nzilani,

Hongera kwa kupita. Hamsini na mbili ni alama ya mtu aliyekatwa kumi na tano. Masila alipata arobaini na nane bila kukatwa chochote. Unaweza kumwambia.

Mwanzoni nililijibu swali lako kwa kurasa kumi na moja. Nimezichoma. Nilikuwa natetea watu na kulaumu watu, na hukuniuliza hilo. Nimeandika upya kwa namna ninayoijua. Jibu liko kwenye daftari la I, na hii ni nakala.

"IRUNGU, Lazarus Maina (amezaliwa 1935). Mwalimu wa historia. Aliondoka nyumbani kwake na mkewe Jumamosi tarehe 14 Machi 1992, yapata saa nne asubuhi. Walibeba: blanketi mbili, cheti cha ndoa, redio isiyo na betri, sufuria moja ya maharagwe ambayo hayajaiva, ufunguo mmoja. Hawakubeba: vitabu vinne. Alirudi mara moja, kumwagia maji moto wa jikoni. Njiani, baada ya kama maili kumi, mkewe aliuliza kama mlango ameufunga vizuri. Walikaa kanisani wiki saba. Maharagwe yaliiva huko, kwenye jiko la watu wengine, wakala watu tisa. Walifika Kitengela tarehe 2 Mei 1992. Tazama pia: RAHAB."

Ndiyo yote. Nimeyasoma mara nyingi kutafuta kosa. Saa yenyewe sina hakika nayo, ndiyo maana nimeandika "yapata".

Ukifungua daftari la R hutamkuta bado. Nimemwachia ukurasa mzima, wa kulia, na juu yake nimeandika jina tu. Mara nne nimekaa kuanza, na kila mara naishia kwenye tarehe. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Barabara ya kwenu imekauka, na sanduku la posta napita kila siku sasa, hata Jumapili nikitoka kanisani, ingawa najua Jumapili hawaleti.

Jambo moja kwa barua moja, Mwalimu. Anza na mwaka. Tulioana 1961.

Lazarus Irungu